Hatua Arobaini na Mbili Kutoka Mferejini

Asubuhi ile nilianza kwa kumwagilia isale la Mama, kama nilivyofanya kila siku ya kiangazi. Lilipandwa kichwani mwa kaburi lake, ndani ya shamba letu la migomba, mahali ambapo mteremko wa Meru unakwisha na tambarare inaanza, chini ya Tengeru. Maji niliyachota mferejini, penye jiwe bapa ambalo wanawake walifulia nguo. Kutoka kwenye jiwe lile hadi kaburini zilikuwa hatua arobaini na mbili. Nilizijua kwa sababu nilizihesabu kila mara. Nikihesabu, debe lilitulia kichwani na maji hayakumwagika.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akijifungua, na mtoto naye hakuishi. Walilazwa pamoja pale. Tulibaki mimi na Baba, na Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa Kimandolu lakini alikuja kwetu karibu kila siku kuona kama ninajua kupika.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, nieleze isale ni nini. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, haufi upesi. Kwetu Wameru hupandwa mipakani na makaburini. Tena mtu aliyekosana na mwenzake humwendea na jani la isale mkononi, na yule akilipokea, ugomvi umekwisha na walilopatana limefungwa. Hakuna anayelipokea kisha akageuka. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na sikumsikia mchungaji yeyote akitukataza jambo hilo.

Vita tulikuwa tunavisikia kwa mbali. Mwalimu wetu mkuu alikuwa Mjerumani, basi askari walikuja na lori wakamchukua, na shule ikafungwa nikiwa darasa la nne. Sukari ilipotea madukani. Vijana wawili wa jirani walivaa kaptula za jeshi wakaondoka. Kwetu vita vilikuwa hivyo tu, mpaka asubuhi ile.

Nilipoinua kichwa kutoka kaburini niliona watu wakipita katikati ya mibuni yetu wakipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Mbele alikuwa afisa mmoja Mwingereza mwenye miwani minene. Nyuma yake alikuja karani, mtu wa pwani, akikwepa matope kwa viatu vyake vyeupe.

Baba alitoka na kikapu cha kahawa begani.

"Shikamoo, mzee," alisema karani.

"Marahaba. Mmepotea njia?"

"Hatujapotea. Serikali inapataka hapa. Ndege za vita zitatua."

Baba alitazama migomba, halafu akatazama upande wa pili wa ua wa miti, ambako shamba la mlowezi mmoja Mzungu lilikuwa limelala tambarare kama meza, halina hata kichuguu.

"Kule je? Kule kumenyooka. Hapa kuna mfereji na mawe."

Karani alitabasamu. "Mzee, mimi naandika tu."

Maneno yale hakumtafsiria afisa. Nilimwangalia vizuri, hakutafsiri. Na vigingi vilipofika kwenye ua wa mlowezi vilipinda, vikaufuata ua wake kama mbwa anavyomfuata bwana wake, visiuguse.

Wiki iliyofuata kaya zote zilizoguswa na vigingi ziliitwa mbele ya kanisa. Tarishi wa Mangi, chifu wetu, alikuwepo, na askari wawili, na yule afisa ambaye watu walikwisha kumpa jina la Bwana Miwani. Alisema kwa kinywa cha karani kwamba vita ni vya watu wote, kwamba adui akishinda atatufanya watumwa, na kwamba vita vikiisha kila mtu atarudi kwake. Wazee walisikiliza. Wengine walikuwa na umri wa kutosha kukumbuka hotuba kama hiyo kwa Kijerumani.

Ndipo Baba akasimama. Mkononi alishika jani la isale.

"Mwambie Bwana," alisema, "nyumba nitaivunja. Migomba kateni. Lakini pembeni, karibu na mfereji, amelala mke wangu. Kipande kile akiache. Na vita vikiisha nirudi nikae naye."

Karani safari hii alitafsiri. Bwana Miwani akalitazama jani, akatazama uso wa Baba, akatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha mkono, akalipokea.

Watu wote waliona. Nilisikia pumzi zao zikishuka.

Kisha kila mwenye kaya akapewa karatasi. Baba aliikunjua, akaishika juu kidogo ili wengine waone.

"Binti yangu huyu amesoma," alisema. "Rebeka, njoo. Angalia kama wameandika habari ya mama yako."

Mimi ni mtu wa haya. Hata kanisani nilikuwa naimba mdomo ukiwa nusu umefungwa. Nilikwenda mbele huku macho ya watu yakiniwasha mgongoni kama jua. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Shuleni kwetu tulifundishwa Kimeru na Kiswahili. Kiingereza hakuna aliyetufundisha. Niliona jina la Baba na sahihi, na katikati mistari minne ambayo sikujua hata neno moja.

"Wameandika?" Baba aliuliza.

Ningeweza kusema sijui. Ni maneno mafupi. Lakini wazee walikuwa wananitazama, na Baba alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Wameandika, Baba."

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Njiani Shangazi alitembea nyuma yetu akinung'unika. Alikuwa na kaburi la mama mkwe wake ndani ya vigingi, katika shamba la zamani la wakwe zake, na jana yake alikwisha kufukua udongo wake, akautia kwenye chungu pamoja na kipande cha isale, na kuvipanda upya kwake Kimandolu.

"Kaka, mzungu umempa jani, naye amekupa karatasi," alisema. "Yeye jani halijui, wewe karatasi huijui. Chukua udongo wa wifi yangu."

"Amelipokea mbele ya watu."

"Hata mbuzi wangu hulipokea. Tena hulitafuna."

Baba alicheka, lakini hakukubali. Alisema isale likishapokewa, anayehamisha kaburi ni yeye aliyevunja amani. "Nikimhamisha, nitakuwa nimesema yule mtu ni mwongo kabla hajasema uongo."

Hivyo ndivyo alivyofikiri. Baba yangu hakuwa mjinga. Alimpima mgeni kwa kipimo alichokiamini, na alidhani mtu akikubali mbele ya kanisa amekubali.

Tukahamia kwenye kibanda jirani na ule mfereji, nje ya vigingi.

Uwanja ulijengwa kwa mikono yetu. Kila kaya ilitakiwa kutoa mtu. Wanaume waling'oa mibuni iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri. Wanawake tulibeba moramu, udongo mwekundu wa changarawe, kwa vikapu, tukaimwaga na kuipondaponda kwa magogo. Nyapara alikuwa na filimbi. Ikilia tunainama, ikilia tena tunainuka. Watu waliponda moramu juu ya mahali walipokuwa wakilala.

Ndege za kwanza zilikuwa ndogo, za bawa juu ya bawa. Zilitua kunywa petroli, kisha zikaenda kaskazini, ambako Waingereza walipigana na Wataliano kule Habeshi. Zilileta barua na vipuri, zikarudi na majeruhi waliofungwa blanketi. Nyingine zilielekea baharini kutafuta meli za adui. Palijengwa banda la mabati, chumba cha simu ya upepo, na pango la mapipa ya petroli. Mawingu yakiifunika Meru, ndege ilizunguka juu kama kipanga isijue mlima uko wapi, na sisi tuliamriwa kuchoma majani mabichi ya migomba ili moshi uwaonyeshe upepo. Nilikuwa mmoja wa wachomaji. Kwa hiyo nasema bila wasiwasi kwamba ndege za vita ziliongozwa na majani ya shamba letu.

Kipande cha Mama kiliachwa. Kilibaki kama kisiwa mwishoni mwa njia ya kurukia, masale manne na migomba sita. Kila asubuhi nilikwenda na debe langu.

Mmoja wa marubani alikuwa kijana mwenye madoa usoni, masikio yake mekundu kwa jua. Alipenda ndizi mbivu. Alikuja penye jiwe la mfereji akiita "Ndizi! Ndizi!" maana ndilo neno pekee alilolijua, na Shangazi akamwita Ndizi hata mbele ya wakubwa wake. Siku moja alinikuta kaburini. Aliuliza kwa mikono. Nami, kwa kuwa sikuweza kusema, nikalaza mkono mmoja kama mtu aliyelala, na mwingine mdogo kando yake.

Akavua kofia. Alisimama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mwaka wa pili zilianza kuja ndege kubwa za injini mbili, na njia ikawa fupi. Bwana Miwani alikwisha kuhamishwa. Aliyekuja badala yake alikuwa afisa mwembamba mwenye haraka. Vigingi vyekundu vikatokea upande wa pili wa kaburi.

Baba alichuma jani la isale, akavaa koti la kanisani, akaenda. Nilikwenda naye nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo chenye karatasi. Afisa alisimama kivulini mwa banda. Baba alisema yake yote, taratibu. Karani alikuwa yule yule wa viatu vyeupe. Afisa akalichukua jani. Akalitazama upande mmoja na upande mwingine. Halafu akaanza kujipungia nzi.

Karatasi hatukuulizwa.

Shangazi alitusubiri nyumbani. "Amelipokea?"

"Amelipokea," alisema Baba.

"Akafanya nini?"

Baba alikaa juu ya kigoda, akavua koti, akalikunja vizuri. "Amepungia nzi."

Shangazi hakufanya mzaha safari hii. "Kaka, nakuomba. Lete jembe sasa hivi. Chungu ninacho."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ule ndio wakati wangu. Ningesema, Baba, karatasi ile sikuielewa, labda hakuna lolote la Mama ndani yake. Angechukua jembe. Nina hakika angechukua.

"Imeandikwa," Baba alisema. "Rebeka ameisoma. Jani wanaweza wasilijue, lakini mkono wao wenyewe wanaujua."

Sikusema.

Siku ya tatu tulikuwa tunakata nyasi mwisho mwingine wa uwanja. Tulisikia katapila likinguruma. Baba alidondosha mundu, akakimbia. Uwanja ulikuwa mrefu. Tulipofika migomba ilikuwa imelala, masale yamegeuzwa mizizi juu, na udongo wa kaburi ulikuwa umechanganyika na udongo mwingine wote, mwekundu mmoja. Mfereji nao ulikuwa umefukiwa pale ulipokatiza. Jiwe bapa tu lilibaki, nje kidogo.

Baba hakupiga kelele. Alimwendea nyapara.

"Mmefukia mfereji," alisema. "Maji hamjayafukia. Mvua ikinyesha mlimani yatapita chini hapa hapa. Udongo wa hapa ni wa migomba, na umechimbwa. Utazama."

"Mzee, hawa wana mashine," alijibu nyapara. "Usiwafundishe kazi."

"Mwambie Bwana."

"Ningojee nifukuzwe kazi? Kamwambie mwenyewe."

Baba alikwenda kumwambia karani, na karani akasema ameandika. Kama aliandika au hakuandika, sijui. Najua Baba alisema. Walioniambia baadaye kwamba ilikuwa ajali isiyoweza kujulikana, niliwasikiliza nikiwa nimefumba mdomo, lakini leo naandika: iliambiwa, mchana, kwa Kiswahili kinachosikika.

Mvua za kwanza zilinyesha. Siku nne mlimani, kwetu manyunyu tu. Njia ilionekana kavu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, tulikuwa tunachoma majani kwa ajili ya moshi.

Ndege ya injini mbili ilitoka mawinguni.

Ilishuka vizuri. Magurudumu yaligusa moramu mwisho wa mbali, vumbi dogo likaruka, ikaja kwetu ikipunguza mwendo.

Ilifika pale.

Gurudumu la kushoto lilizama kana kwamba mtu amelivuta kutoka chini.

Bawa lilipiga ardhi. Mkia ukainuka. Ndege ikapinduka kifudifudi, ikakaa.

Halafu nilisikia petroli ikidondoka.

Baba alikuwa anakimbia tayari. Nilimwita. Ndiyo mara pekee maishani nimepiga kelele mbele za watu.

Alivunja kioo kwa jiwe. Akaingiza mikono. Nikaona kichwa chenye masikio mekundu, na Baba akikivuta kwa mabega, akimwambia kwa Kimeru, "Njoo mwanangu, njoo."

Moto haukulipuka kwa kishindo. Ulitokea tu, mpana, wote kwa pamoja.

Baba alitoka naye. Alitembea hatua kadhaa akimburuta. Wote wawili walikuwa wanawaka.

Tuliwamwagia maji ya mfereji, kwa debe langu.

Rubani alikufa pale pale, karibu na jiwe bapa. Baba aliishi siku tatu, katika wodi ya Waafrika ya hospitali ya mjini Arusha, kitanda cha mwisho karibu na mlango. Mikono yake ilifungwa mpaka mabegani. Siku ya pili aliniambia, "Karatasi unayo?"

"Ninayo, Baba."

"Itunze. Niwekeni kwa mama yako. Imeandikwa kwamba nitarudi nikae naye."

Nilisema ndiyo. Mpaka leo sijui kama kumwambia ukweli saa ile ingekuwa haki au ukatili. Najua tu kwamba niliogopa, na haikuwa mara ya kwanza.

Shangazi alikwenda kuomba azikwe pembeni mwa uwanja, hata hatua mbili nje. Akajibiwa kwamba ni eneo la jeshi. Tulimzika Kimandolu, nyuma ya nyumba ya Shangazi. Kijana rubani alizikwa penye uwanja, karibu na banda, kwa heshima, na msalaba mweupe wenye jina lake, na uzio mdogo. Sikumwonea wivu. Alikuwa amevua kofia yake. Lakini barua ya serikali iliyosomwa kanisani kuhusu ajali ilitaja jina lake lote na cheo chake, na kuhusu Baba ilisema kibarua mmoja. Baba hakuwa kibarua. Alikuwa Yohane, mzee wa kanisa na mwenye shamba lile.

Majirani walisema Mama ndiye aliyelishika gurudumu. Walisema kwa kunong'ona, wengine kwa kuridhika. Nilikasirika na bado nakasirika. Mama yangu hakuwa mtu wa kuua kijana mwenye njaa ya ndizi. Maji yalipita yalipozoea kupita, na wakubwa walikuwa wameambiwa.

Baada ya hapo njia ilifupishwa tena. Mwisho wote ule, kaburi likiwa ndani yake, uliachwa uote nyasi. Ndege kubwa zilipelekwa uwanja mwingine. Yaani kipande kile walichokitaka kwa haraka namna ile kilitumika kwa majuma machache.

Vita vilikwisha. Tulingoja mwaka mzima kuitwa. Hatukuitwa. Nilichukua karatasi kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo nikaenda nayo Lemara kwa mwalimu mmoja anayejua Kiingereza. Aliisoma mara mbili.

"Inasema baba yako amelipwa fidia ya migomba na mibuni," alisema, "na kwamba hana dai lingine lolote."

"Na kaburi?"

"Hakuna neno kaburi."

"Na kurudi?"

Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu kizito.

Ardhi ile alipewa mlowezi wa jirani aliyekuwa ng'ambo ya ua. Sasa anachungia humo ng'ombe wa maziwa.

Mwaka jana, jioni mapema, Shangazi alinijia mbio. Wanajeshi walikuwa uwanjani. Tulisimama penye jiwe bapa tukaona. Walileta sanduku la mbao iliyopigwa rangi. Walifukua kaburi la yule rubani polepole, mwishoni kwa mikono, bila majembe. Walivipanga vilivyotoka juu ya kitambaa cheupe. Padri wao alisoma. Walipobeba sanduku walipiga saluti, wakamtia garini kumpeleka kwenye makaburi ya wenzake mjini. Hata udongo uliobaki waliusawazisha vizuri kwa viganja.

Shangazi alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe wanajua."

Ndilo neno lililonipeleka. Nilivuka majani mpaka kwa afisa aliyesimamia, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Na mama yangu?"

Mkalimani wake aliniuliza ni nani, nikaeleza. Afisa hakuwa mkali. Alifungua faili, akatafuta kwa kidole.

"Anasema pole," mkalimani alisema. "Hakuna kumbukumbu ya kaburi jingine hapa. Hata akitaka kusaidia, hakuna anayejua ni wapi."

Mimi najua ni wapi. Ndiyo maana nimekaa majuma mengi nikiandika haya, kwa Kiswahili, ili yeyote mwenye darasa la nne aweze kuyasoma mwenyewe bila kumtegemea msichana mwenye haya.

Jiwe bapa bado lipo, nje ya waya wa mlowezi. Simama juu yake, uiache Meru mgongoni, utazame kona ya banda la mabati. Ni hatua arobaini na mbili. Lakini hizo ni hatua za msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye debe la maji kichwani. Nilirudi nikapima tena Jumapili iliyopita, ng'ombe wakinitazama. Kwa mtu mzima asiyebeba kitu ni thelathini na tano.